Mkato wa Ndani

Alimvunja daktari jino akiwa amelazwa chali, tumbo wazi. Tuanzie hapo. Watu wa gereji wakimsimulia huanzia kwingine, kwenye siku aliyomtandika dereva wa lori aliyemshika kiuno, au siku aliyomfukuza mwizi wa vioo vya pembeni mpaka mwizi akajirusha mtaroni kwa hiari yake. Hizo ni sifa za kumpaka mafuta. Ngumi ya jino ndiyo iliyozaa mengine yote.

Walimwita Chuma. Alikuwa fundi bodi, na kama hujui kazi hiyo ni nini, gari lako likigongwa likakunjamana kama karatasi, yeye ndiye hulipiga nyundo mpaka likakumbuka sura yake, na palipochanika hupachomelea. Mumewe alikuwa mpaka rangi wa gereji hiyohiyo, mtu mpole wa sauti ya chini, ambaye hata nzi akitua kwenye rangi mbichi humtoa taratibu kwa ncha ya kisu. Wateja walitania kwamba katika nyumba ile mke anapiga, mume anapaka. Wifi yake, yaani dada mdogo wa mume, alishona viti vya magari kwenye kibanda cha pembeni, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko sindano zake. Chuma na wifi yake walipendana kwa matusi, tangu asubuhi hadi jioni, na asiyewajua angedhani wanataka kuuana.

Sasa hilo jino. Katika uzazi wa kwanza, mtoto alikuwa amelala kingamo, kwa upana wa tumbo, na mkono mmoja ulikuwa umetangulia kutoka. Kila aliyeuona alibadilika uso. Chuma akakimbizwa chumba cha upasuaji, akadungwa sindano ya mgongo, akaambiwa atakufa ganzi kuanzia kiunoni. Hakufa ganzi.

"Nasikia," alisema.

"Unasikia kuguswa tu, mama. Tulia," daktari akamjibu.

Kisu kikapita. Alichosikia hakikuwa kuguswa. Alisikia nyama ikifunguka, akasikia mikono ya mtu imezama ndani yake inavuta huku na huku, akapiga ukelele ambao mumewe, aliyekuwa amesimama koridoni, anaapa hajawahi kuusikia tena kwa kiumbe chochote. Wauguzi wakamlalia, huyu kifuani, huyu mapajani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitandani kwa kitambaa. Kwa kitambaa! Mkono wa kulia wa fundi bodi! Kitambaa kikachanika, na ngumi ikaenda moja kwa moja kwenye barakoa ya daktari.

Daktari hakuacha kazi. Hilo lazima tumpe, tupende tusipende. Alikata huku barakoa yake imelowa damu ya kinywa chake, akamtoa mtoto wa kike mzima, akashona, ndipo akaenda kutema jino. Kesho yake alikuja wodini, midomo imevimba, akasimama miguuni pa kitanda akasema, "Mama, kuna jambo lazima nikueleze kuhusu jinsi nilivyokukata." Hakufika mbali. Chuma aliokota beseni la chuma lililokuwa mezani, lile dogo la kutapikia, akalirusha kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Liligonga mlango karibu kabisa na sikio lake. Daktari akageuka, akaondoka na maneno yake, wala hakurudi. Cheti alichopewa Chuma siku ya kutoka kilisema amepasuliwa, basi, hakikueleza zaidi.

Chuma alipopata mimba ya pili aliapa kwamba hospitali ile hairudii. "Afadhali nizalie chini ya gari," alimwambia mumewe.

"Daktari wa uzazi ni yuleyule mmoja," mume akasema, "na kazi yake anaijua. Kwa nini tusiende tu, tuzungumze naye kama watu wazima? Mwache akupasue, yaishe."

Walikuwa wamesimama gerejini, kando ya gari lililokuwa linasubiri kupigwa rangi. Chuma hakumjibu kwa mdomo. Nyundo iliyokuwa mkononi mwake ilitoka, ikapita juu ya bega la mume, ikazama kwenye kioo cha mbele cha gari la mteja. Vioo vilimwagika kwenye viti ambavyo wifi alikuwa amemaliza kuvishona asubuhi ile.

"Kichaa wewe!" wifi akapiga kelele kutoka kibandani kwake. "Viti vyangu!"

Mume alikung'uta vipande begani, akaenda kutafuta ufagio. Huyo ndiye mume wake. Hakutaja tena neno daktari kwa muda mrefu.

Na wala hakukuwa na haja ya kulitaja, maana palikuwa na shangazi. Huyu alikuwa dada wa baba yake Chuma, mkunga aliyesomea, aliyefanya kazi hospitali miaka mingi kabla ya kustaafu na kufungua zahanati yake ndogo ya uzazi, chumba cha kujifungulia na chumba cha kupumzikia, sakafu inang'aa utafikiri hajawahi kuzaliwa mtu pale. Usidhani alikuwa wa kubembeleza. Kofi lake lilijulikana na mabinti wote wa ukoo. Lakini mwanamke akishikwa na uchungu shangazi hakumwacha peke yake hata kidogo, na hakuna aliyewahi kukatwa pale akisema anasikia. Tena wifi yule mwenye mdomo alikuwa amepasuliwa uzazi wake wa kwanza, kisha wa pili akazaa kwa njia ya kawaida mikononi mwa shangazi, akarudi nyumbani kwa miguu yake, akatangaza habari hiyo mpaka watu wakamkimbia. Hospitali, kama una kovu, wewe ni wa kisu, hawakuulizi. Kwa shangazi unaulizwa.

Kwa hiyo Chuma akaenda.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Panda kitandani, vua."

Shangazi alilitazama kovu, akalibonyeza, akalifuata kwa kidole kutoka upande huu hadi upande wa pili. Lilikuwa limelala chini ya tumbo, pale mkanda unapokaa, limepona vizuri.

"La ngozi ni zuri," alisema. "La ndani silioni. Sasa nisikilize vizuri, usinikodolee macho tu. Ngozi wanaweza kuikata hivi, na mfuko wa uzazi wakaukata vingine. Kama ndani alikukata kwa kulala, huku chini, nitakuzalisha, kama nilivyomzalisha wifi yako. Kama alikukata kwa kusimama, kutoka juu kuja chini, mfuko huo haufai kuonjeshwa uchungu. Utapasuka. Damu itamwagika ndani, mtoto atakufa kwanza, halafu wewe, na mimi nitakuwa nimesimama hapahapa nimekushika mkono. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Anayejua ni aliyekukata. Wifi yako alimuuliza wake, yule aliyehama, akaja kuniambia. Wewe nenda kamuulize wako."

"Yule?"

"Yuleyule uliyemng'oa jino. Mwombe radhi, kisha umuulize."

"Siombi radhi."

"Basi usiombe. Uliza!"

Alikwenda. Tusimwonee, alikwenda kweli. Mume alimsindikiza akabaki getini, naye akaingia peke yake, akafika mpaka kwenye korido ile yenye harufu ya dawa ya sakafu. Daktari alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake anacheka na muuguzi, na alipocheka jino la bandia lilionekana, jeupe kuliko wenzake. Chuma alikuwa amepiga moyo konde tangu nyumbani. Mara akasikia mwili wake unafanya mambo bila ruhusa yake. Kovu likawaka. Mkono wa kulia ukajikunja ngumi, akajua kwamba akipiga hatua moja zaidi atampiga tena yule mtu, au ataanguka chini mbele yake, na hakujua lipi ni baya zaidi. Huyu mwanamke ambaye hakuogopa dereva wala mwizi aliogopa kuuliza swali moja. Akageuka.

"Amesemaje?" mume akamuuliza getini.

"Wa kulala," Chuma akasema.

Uongo huo ulimtoka upesi na laini, na uliporudiwa mbele ya shangazi ulikuwa umeshakomaa. "Kasema alikata kwa kulala, chini kabisa. Kasema hakuna neno." Shangazi alimtazama kidogo, kisha akatabasamu, jambo ambalo halikuwa la kila siku, akamwambia aje kila mara kupimwa.

Mtu atauliza, hivi huyu alikuwa hajali mtoto wake? Alijali. Ila alikuwa na hesabu zake za gerejini, na hapo ndipo ujuzi wa mtu unapomponza. Alikuwa amechomelea mabati tangu ujana wake. Alijua kwamba bati likichomelewa na fundi wa kweli, gari hilo likigongwa tena linachanika pembeni, kwenye bati zima, lakini mshono haugusiki. Palipochomelewa pana nguvu kuliko bati lenyewe. Basi hata kama ni kwa kusimama, alijiambia, si pameshonwa? Si pamepona? Yule bwana ni mshenzi, lakini fundi ni fundi. Alilala usingizi wake juu ya hesabu hiyo, akaamka nayo, na tumbo likakua.

Uchungu ulimkuta kazini, asubuhi kweupe, anapiga boneti. Lilikuwa gari dogo lililogonga nguzo. Boneti limeng'olewa limewekwa chini, yeye kainama na tumbo lake, na kila alipopiga nyundo mgongo ulimjibu. Mara ya kwanza alidhani ni kazi. Mara ya pili maji yakamwagika, yakalowesha suruali ya kazi na buti.

"Chuma kajikojolea!" wifi akacheka, kisha akaacha kucheka, akatupa kiti alichokuwa akikishona na kukimbia kumshika.

Kwa shangazi mambo yalianza vizuri. Alitembea chumbani, aliinama, alishika ukingo wa kitanda akautikisa mpaka skrubu zikalia, alimtukana mumewe aliyekuwa nje, akamtukana na wifi aliyekuwa akimsugua kiuno, wifi akamrudishia tusi kubwa zaidi, wakacheka wote. Shangazi alisikiliza mapigo ya mtoto kila baada ya muda mfupi akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Maumivu yalikuja yakamkamata kwa meno, yakamtupa, yakaondoka. Chuma aliyapenda, tuseme ukweli. Yalikuwa maumivu yake mwenyewe, hayakuletwa na mtu.

Kisha yakaja mengine. Haya hayakuondoka. Tumbo lilipolegea, yenyewe yalibaki palepale katikati, juu ya kovu, makali, ya kuchana, kama mtu anachana turubai polepole kwa mikono. Chuma aliuma meno. Jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo.

Shangazi alimwona. Akaweka mkono pale, Chuma akarusha teke lililoangusha meza ya vifaa. Mikasi na mabakuli vikatawanyika sakafuni. Shangazi hakuvitazama. Alisikiliza mtoto, akasikiliza tena, na uso wake ukawa uso wa mtu mwingine.

"Mapigo yanashuka," alisema. "Niambie tena. Daktari alikwambia nini? Nipe maneno yake, kama alivyoyasema."

Chuma aligeuzia uso ukutani.

"Nakuuliza!"

"Sikumuuliza," Chuma akasema. "Nilifika nikarudi. Nilikudanganya, shangazi."

Kofi lilitua kabla hajamaliza neno. Lilikuwa kofi la nguvu zote, la mkono wa mwanamke aliyevuta watoto wa watu maisha yake yote, na wifi akapiga yowe kana kwamba amepigwa yeye. Shangazi akainua mkono tena, ukabaki hewani, kisha akaushusha akaanza kumfunga Chuma shuka kiunoni.

"Gari!" alipiga kelele dirishani. "Wewe mwanamume! Leta gari lolote!"

Mume alikuwa amekuja na lile gari dogo la mteja, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu siku hiyo, boneti halina, rangi halina, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Wakamwingiza nyuma. Shangazi alipiga magoti katikati ya viti, kiganja juu ya tumbo, Chuma akimweleza mumewe kwa vipande hesabu zake za mabati, huku wifi akipiga mluzi na kutukana watu barabarani wapishe. Getini mlinzi aliona injini iko uchi, akashusha kizuizi, akatoa mkono wa kukataza.

"Hiki kidude hakiingii humu. Rudisha nyuma."

Mpaka rangi, yule mtu mpole wa nzi, aliteremka, akamshika mlinzi shati, akamgonga kichwa kwa kichwa chake. Mlinzi akakaa chini. Mume akarudi ndani ya gari na kukikanyaga kizuizi mpaka kikavunjika, damu inamtiririka kutoka kwenye nyusi, na hakuna aliyemsifu kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi.

Daktari aliwakuta koridoni, Chuma akiwa tayari juu ya machela. Alimtambua. Alirudi nyuma hatua, mkono ukapanda wenyewe kuelekea mdomoni.

"Ana kovu," shangazi akasema haraka. "Maumivu hayaachi hata tumbo likilegea. Mapigo ya mtoto yanashuka. Mkato wa ndani haujulikani."

"Haujulikani na nani? Mimi naujua. Ni wa kusimama, toka juu mpaka chini! Mtoto alikuwa kingamo, mkono nje, nilikuwa na njia gani nyingine?" Daktari alikuwa akipiga kelele sasa. "Nani aliyemruhusu huyu ashikwe na uchungu?"

Chuma alisikia swali hilo. Alifungua mdomo, maumivu yakamziba.

"Mimi," shangazi akasema.

"Wewe! Na umesomea! Mmefungua vijumba vyenu mnacheza na roho za watu, halafu mkishaua mnatuletea maiti tuwazikie? Huyu akifa umemuua wewe, umesikia? Umemuua wewe!"

Shangazi alisimama mbele yake, mikono imelegea pembeni, akayapokea yote mbele ya wauguzi aliowafundisha kazi, hakujitetea hata kwa neno moja. Wifi alitaka kuruka, shangazi akamshika mkono. Na Chuma juu ya machela alikuwa anatikisa kichwa, anatikisa kichwa, hakuna aliyemtazama.

Chumba cha upasuaji kilikuwa kilekile. Walipotaka kumshika mikono alimnasa daktari joho kifuani, akamvuta mpaka nyuso zikakaribiana, na wauguzi wakajua sasa linarudi lile la jino. Daktari alifumba macho.

"Nilaze kabisa," Chuma akamwambia. "Nife au nipone, lakini usinikate niko macho. Usinikate niko macho."

"Nakulaza kabisa," daktari akasema. "Safari hii hutasikia. Wallahi hutasikia."

Kumwamini mtu yule kulikuwa kugumu kuliko uchungu wenyewe. Lakini hakukuwa na mwingine, na ndani yake kitu kilikuwa kikiendelea kuchanika. Alimwachia joho. Wakamwekea kile kikombe cha mpira puani, akavuta pumzi.

Aliamka wodini, koo limekauka, tumbo linawaka. Mtoto alikuwa hai. Wa kiume, mzito, mdomo wazi anadai. Mume alimshika na bandeji yake kichwani, analia bila sauti, na Chuma akalia naye kidogo.

Daktari alikuja akasimama mlangoni, mbali na kitanda. Chuma akamwambia aingie. Akaingia nusu.

"Nilitaka kukueleza safari ile," alisema. "Sasa utanisikiliza?"

"Sema."

"Nilipofungua tumbo, mshono wa zamani ulikuwa umeachia. Umebaki utando mwembamba tu, hivi, kama ngozi ya ndani ya yai. Sikuwa nimekata bado, na nilikuwa naziona nywele za mwanao. Zinacheza kwenye maji, naziona. Maumivu mawili matatu zaidi, angetokea tumboni. Nyama haichomelewi, mama. Mumeo aliniambia ulivyokuwa unawaza. Amesema ulimweleza hesabu zako zote ndani ya gari. Nyama ikishashonwa hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Ukishika mimba nyingine, ni kisu, mapema, kabla ya uchungu. Na safari ile ya kwanza..." Alikaza taya. "Safari ile nilijua ganzi haijashika. Ulisema unasikia, nami nilijua unasikia. Mwanao alikuwa anakufa, nikaona nisingoje. Nilipaswa kukwambia hivyo badala ya kukwambia utulie."

Chuma alikuwa amebeba chuki hii muda mrefu, sasa aliona inambwagikia mikononi hana pa kuiweka.

"Shangazi yangu hakukosa," alisema mwishowe. "Alinituma kwako. Nilimdanganya."

Daktari akainamisha kichwa. Lakini ya koridoni yalikuwa yameshafika mjini. Watu wanaojua kila kitu walikuwa wanasema yule mkunga alitaka kumuua mtoto wa kaka yake.

Shangazi mwenyewe alikuja baadaye, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, akakagua mshono, akakagua mtoto, akamweka vizuri titini, kila kitu kwa mikono yake ileile. Chuma alianza kuomba radhi. Shangazi akamkatiza.

"Ungekufa pale kwangu," alisema, "watu wangesema nimekuua. Hilo ningelibeba. Lakini hata mimi mwenyewe ningeamini. Ningekaa na mwili wako nikijiuliza nimekosea wapi, nimeacha kuona nini, mpaka siku yangu ya mwisho, na nisingejua kamwe. Umeniachia hivyo, mwanangu. Ulikuwa tayari kuniachia hivyo."

Alimfunika mtoto miguu. "Wenye makovu siwapokei tena," akasema. "Kama damu yangu imenidanganya, nitamwamini nani?" Akatoka, na hakugeuka mlangoni.

Chuma alirudi kazini mshono ulipokaza, na mtoto akalala ndani ya kiti cha nyuma ambacho gari lake halikuwepo tena. Maneno yalipungua gerejini. Alipiga mabati yake, akachomelea, na wakati mwingine mume alimkuta amesimama na kifaa cha kuchomelea kimezimwa mkononi, anaangalia mshono uliopoa. Zahanati ya shangazi aliipitia kwa mbali. Alienda mara nyingi kuomba, akapokewa vizuri, akapewa maji ya kunywa, na jibu halikubadilika.

Ndipo wifi yake akapata mimba. Siku moja alikuja gerejini akitokea kwa shangazi, anatembea kwa nguvu, tumbo mbele, kanga imemtoka begani inaburuta vumbi. Mafundi waliokuwa wakimsalimia walinyamaza mmoja mmoja. Alipita katikati yao mpaka mbele ya Chuma aliyekuwa na nyundo mkononi, na bila salamu akampiga kofi, kisha la pili upande mwingine.

"Amenikataa!" alipiga kelele. "Amenikataa mimi! Mkato wangu ni wa kulala, anaujua, amenizalisha mwenyewe, nimetoka pale kwa miguu yangu! Anasema hapokei tena. Sasa naenda wapi? Naenda kukatwa kwa ajili yako! Nakatwa mzima kwa ajili ya mdomo wako!"

Gereji nzima ilisimama. Mtu mmoja aliondoka taratibu karibu na vioo, maana walimjua Chuma. Mume aliweka chini bomba la rangi. Wifi mwenyewe alijua alichokifanya. Alisimama amekaza shingo, macho yamejaa maji, anasubiri.

"Nipige basi!" akasema. "Si ndiyo kazi yako? Nipige!"

Chuma aliweka nyundo chini, juu ya bati. Shavu lilikuwa linamwaka.

"Sikupigi, wifi," alisema. "Ni mimi niliyekufungia mlango."

Wifi alimwinulia mkono tena, kisha nguvu zikamwishia. Akaketi juu ya tairi, mikono yote miwili tumboni, akalia kwa sauti kama mtoto, na Chuma akainama, akaiokota kanga yake vumbini, akamrudishia begani.